Ndege Mwenye Mwiko Usoni

Mimi na ndege hatujawahi kupatana, na sababu zangu ni za kikazi. Mimi ni dobi wa hospitali. Mashuka ya wodi zote huanikwa uani, nyuma ya jiko, na yeyote aliyewahi kuanika shuka jeupe mahali penye kunguru anajua ninachosema. Unafua, unasuuza, unakamua, unageuka mara moja kuchukua vibanio, ukirudi unakuta mtu ameshapiga muhuri. Nilipoolewa na mwanamume anayependa ndege, wenzangu kazini walicheka mpaka wakakaa chini. Walisema Mungu naye ana utani wake.

Mwanamume huyo ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Ni fundi pampu kwenye mabwawa ya maji ya mji, kule bondeni ambako maji ya mto huingia machafu, yakatulia, yakachujwa, ndipo yakapelekwa kwenye mabomba ya watu. Kazi yake ni kuwasha, kuzima, kutia grisi na kusikiliza. Husema pampu ni kama mama mkwe, ikinyamaza ghafla ujue kuna jambo. Mjini wanamwita Fundi Maji. Mimi namwita baba watoto, ila siku za hasira naye huwa Fundi Maji kwangu pia. Ni mpole, hana makuu, hasemi uongo. Kasoro yake ni moja tu: akianza kueleza habari za ndege hana breki. Ana kitabu chake cha picha za ndege, kimechakaa kwa kupekuliwa, na watoto wetu walijifunza kusoma humo kabla hawajapelekwa shule.

Mwaka huo joto lilipoanza tu, ndege wageni wakamiminika mkoa mzima. Wengine walisema ni upepo umewapoteza, wengine wakasema huko kwao maji yamekauka. Redio ikimaliza hali ya hewa inasoma habari za ndege. Bata mwenye kichwa chekundu ameonekana kwenye bwawa la kiwanda cha karatasi. Korongo weusi wawili wametua kwenye shamba la ngano na hawataki kuondoka. Kindege cha buluu, ambacho hata wazee hawakumbuki kukiona, kimekaa asubuhi nzima dirishani benki, watu wakasahau foleni. Watu ambao hawakuwahi kuinua kichwa wakawa wanatembea wakitazama juu na kujikwaa kwenye mitaro. Baba watoto jioni alikuwa anasogeza kiti mpaka sikio linagusa redio, uso umemkunjuka kama bwana harusi.

Lakini nyumbani kwetu, kabla ya ndege, kulikuwa na vita vya mashati.

Vilianza siku aliyoniambia, kwa upole wake ule ule, kwamba mashati yake yanageuka manjano. Nilidhani sikusikia vizuri. Mimi ndiye ninayetoa damu na iodini kwenye mashuka ya hospitali, halafu shati la mume wangu linishinde? Nililichemsha, nikalianika jua kali, nikatia buluu, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, kwenye maji ya mwisho kama mama alivyonifunza. Akalivaa, akaligeuzageuza dirishani, akasema afadhali kidogo. Hilo "afadhali kidogo" lilinichoma kuliko tusi. Nikaongeza buluu. Akasema bado. Nikaongeza tena, wiki hata wiki, mpaka jirani akaniuliza kama kule kwenye maji wamepewa sare mpya. Nikamjibu kwamba ndiyo mtindo wa sasa. Nilijua mashati yamekuwa ya buluu, macho ninayo, lakini yeye alikuwa ameanza kusema sasa yanapendeza, na mimi nilichotaka ni kushinda.

Katikati ya hayo akarudi jioni moja akitetemeka kwa furaha. Ameona yangeyange wa manjano. Si mmoja, kundi zima, rangi ya siagi, wamesimama kwenye matete ya bwawa la pili. Kwenye kitabu chake hakuna ndege wa namna hiyo. Alipiga simu redioni, wakamsoma hewani siku ile ile, na mkuu wa watu wa ndege wa mkoa akatuma salamu kwamba watakuja Jumamosi.

Mkuu huyo ni kinyozi, mwenye duka karibu na stendi. Hunyoa wiki nzima, na Jumamosi mchana hufunga duka, akavaa darubini shingoni, akazunguka na wenzake kumi hivi wenye ugonjwa kama wake. Walikuja na chupa zao za chai. Mimi nilikuwa nimempelekea baba watoto chakula, nikakaa pembeni kwenye bomba, nikiwa na nia ya kuwaonea huruma watu wazima wanaotafuta ndege wakati nyumbani kwao kuna nguo hazijafuliwa.

Baba watoto akanyoosha mkono. "Wale pale."

Wakainua darubini wote pamoja. Kinyozi alishusha darubini, akaifuta, akaiinua tena. Mwisho akauliza kwa heshima, "Mzee, wale walioko kwenye matete?"

"Hao hao."

"Wale ni yangeyange wa kawaida, mzee. Weupe."

Nyuma yao mmoja akakohoa, kikohozi chenye kicheko ndani. Baba watoto akasema hapana, watazame vizuri. Kinyozi, Mungu amweke, akamtafutia mlango wa kutokea, akasema huenda jua la jioni ile liliwapaka rangi. Angeweza kupita mlango huo, ikaisha. Lakini mume wangu si mtu wa kusema uongo, na hakutaka kusaidiwa kwa uongo. Akashika kola ya shati lake, akaivuta mbele ili waione.

"Jamani, mimi weupe naujua," akasema. "Weupe ni huu hapa. Mke wangu ni dobi."

Watu wote wakalitazama lile shati. Lilikuwa la buluu kama anga. Hakuna aliyecheka, hata yule wa kikohozi. Mimi pale kwenye bomba ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile nilikuwa nagombana na shati, kumbe si shati. Nilikuwa namfulia mtu asiyeona, na kila alipojaribu kuniambia nilimwongezea buluu.

Nyumbani nilifunga mlango, nikamuuliza anaonaje. Ndipo akatoa yote. Kuna ukungu, tena si wa juzi. Nikiwa mbali ananijua kwa mwendo tu. Mishale ya vipimo vya pampu anaisoma kwa kubandika pua kwenye kioo. Nilimfokea, nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, kisha nikalia, kisha nikamfokea tena kwa kuniliza. Niliogopa sana siku hiyo, na mimi nikiogopa hupiga kelele.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wa jicho la kulia amekomaa mno na hafai kungoja. Alisema wataanza na hilo, na kuna nafasi ya upasuaji wiki ile ile. Mimi nikasema tunaichukua. Baba watoto akasema atafikiria. Nilijua anafikiria nini. Kaka yake mkubwa alikwenda kupasuliwa jicho zamani, akarudi na giza, na mpaka anazikwa alikuwa akiongozwa kwa fimbo kwenda msalani. Hilo hakulisema. Alichosema ni kwamba ndege wa mwaka huu hupita mara moja, na yeye hawezi kulala kitandani amefungwa bandeji huku dunia inapita nje.

"Nenda ukapasuliwe," nikamwambia. "Mimi nitakuangalizia hao ndege."

"Wewe?"

"Mimi. Nitapitia bwawani kila asubuhi kabla ya kazi, na jioni nitakuletea habari."

Alicheka kwa pua. Lakini alikwenda.

Upasuaji ulipita salama. Tatizo lilikuja baadaye: jicho likavimba, likawa jekundu kama nyama. Daktari akatia dawa, akafunga bandeji upya, akasema ikae wiki nzima, asiinue kitu kizito wala kuinama, na tutajua tukifungua. Nilimfuata ukumbini nikamuuliza kuna tumaini gani. Akasema, "Tusubiri, mama." Ni hayo tu aliyoniambia. Nikamrudisha baba watoto nyumbani, akalala, akageukia ukuta. Jicho la kushoto lilimwonyesha ukungu, la kulia halikumwonyesha kitu, na alilala pale kama mtu anayejizoeza kuwa kipofu.

Nikatimiza ahadi. Asubuhi ya kwanza nilisimama ukingoni nikiona haya, kama mtu aliyeingia kwenye harusi ya watu. Jioni nikamwambia nimeona ndege wa kahawia.

"Kahawia gani?" akauliza ukuta.

Kahawia ni kahawia, nikasema. Kesho yake nilitazama vizuri zaidi, maana sipendi kushindwa, na jioni nikamwambia kahawia yenyewe ni ya doa la chai lililofuliwa mara moja likakataa kutoka, na kifuani ana madoadoa kama shuka lililorushiwa matope na gari. Akageuza kichwa. Akauliza miguu. Nikasema miguu ni ya kijani, mirefu, na anatembea kama muuguzi mkuu akikagua wodi. Akakaa kitako, mara ya kwanza tangu alale. Kuanzia hapo nikawa natembea bondeni nikitafuta maneno. Nilimletea bata mwenye shavu lililopigwa pasi, ndege mdogo wa rangi ya sabuni ya mche, mwingine anayelia kama kibanio kikavu. Alikula uji wake wote bila kubembelezwa. Kazini wakanikamata nikimtazama kunguru juu ya kamba badala ya kumtupia jiwe, wakaniuliza kama nina homa.

Halafu akaja yule.

Alikuwa amesimama peke yake kwenye maji ya kina kifupi, mkubwa, mweupe, miguu myekundu. Nilidhani ni yangeyange. Kisha akainua uso, na mimi nikasema "Ala" kwa sauti, peke yangu. Mdomo wake ulikuwa mwiko. Sisemi ulifanana kidogo na mwiko. Ulikuwa mwiko mtupu, mrefu, bapa, umepanuka mwishoni. Na alikuwa anautia majini na kukoroga kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama anapika uji wa watu mia. Uso hauna manyoya, ngozi tupu nyekundu. Nilichelewa kazini kwa sababu yake.

Jioni nilianza kusimulia kabla sijavua viatu. Baba watoto alisikiliza bila swali hata moja. Nilipomaliza aliuliza taratibu, "Daktari amekwambia nini?"

Nikasema daktari amesema tusubiri.

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

"Huyo ndege yumo kwenye kitabu changu," akasema. "Anaitwa domomwiko. Hajawahi kufika huku. Umefungua kitabu ukanichagulia, mama watoto. Mtu hatungiwi ndege wa namna hiyo ila daktari ameshasema hataona tena."

Nilibaki nimeshika kiatu. Kila nilichoapa kilizidi kumthibitishia. Nikisema kwa upole, ananiona namhurumia. Nikilia, nimekiri. Alirudi kuutazama ukuta, na usiku huo uji ulilala kwenye bakuli. Nilijiuliza kama yeye ndivyo alivyojisikia pale bwawani, kuona kitu kwa macho yako na wenzako wakutazame kwa huruma.

Kesho yake nilikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, nikamtoa dukani na mkasi mkononi, mteja akabaki na kichwa nusu. Bwawani alimwona domomwiko, akavua kofia. Jioni alikuja nyumbani, akakaa pembeni mwa kitanda, akaeleza kila kitu kuanzia kucha mpaka utosi. Baba watoto alimshukuru vizuri sana. Kinyozi alipoondoka, akasema, "Umempanga na yeye."

Hapo ndipo nilipopandwa. Mgonjwa haulizwi uji, sawa, lakini hata dobi ana mwisho wake.

"Sikiliza wewe, Fundi Maji," nikasema. "Nimeacha mashuka ya wodi mbili kwa ajili ya ndege. Mimi! Nimekanyaga matope, nimeumwa na mbu. Kama ningetaka kukutungia ndege, ningekutungia mzuri. Kwenye jalada la kitabu chako kuna yule mwenye mkia wa dhahabu, nashindwa nini kukuletea huyo? Ningekuletea wawili, na vifaranga juu. Nikuletee huyu kwa faida gani? Ana upara mpaka kwenye mashavu. Ana mwiko usoni. Ni mbaya, baba watoto, ni mbaya, sijawahi kuona kiumbe kimeumbwa kwa haraka kama yule. Nani anamfariji mgonjwa kwa ndege mbaya?"

Kisha kitanda kikaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikakimbilia kichwani kwake, kumbe anacheka, ameshika bandeji kwa mkono ili asiliumize jicho. Alicheka mpaka akaomba maji.

"Basi yupo," akasema.

"Yupo."

"Na daktari kweli hajakwambia lolote."

"Hajaniambia. Na mimi naogopa kama wewe."

Akaushika mkono wangu. Kisha maswali yakaanza, na yakaendelea mpaka nikasinzia nimekaa: anakoroga kuanzia upande gani, anameza vipi, akiruka shingo anainyoosha au anaikunja. Redio ilimtangaza domomwiko jioni iliyofuata, ikasema ameonwa kwanza na dobi wa hospitali. Kazini wananipigia saluti hadi leo.

Siku ya kufungua bandeji nilivaa gauni langu la harusi za watu. Daktari alivua kitambaa, akamulika, akasema uvimbe umekwisha. Akamuuliza anaona nini. Baba watoto akasema mwanga, na watu kama wako nyuma ya shuka lililolowa. Daktari akasema linaweza kutakata, linaweza lisitakate, tulipe jicho nafasi. Akampa miwani myeusi. Njia nzima nilimshika mkono. Usiku huo nilimsikia yuko macho na yeye alinisikia.

Asubuhi akasema nimpeleke bwawani.

Nilitaka kumkatalia. Kinyozi alikuwa ameniambia ndege kama huyo hakai, anaweza kuondoka saa yoyote, na mimi niliogopa mambo mawili: kwamba hatamkuta, na kwamba atamkuta asimwone. Lakini alikuwa ameshavaa viatu. Tulishuka polepole. Kinyozi na wenzake walikuwepo, wametupisha bila kusalimia sana, kama watu msibani wanavyompisha mfiwa. Nikatazama maji. Domomwiko alikuwepo, upande wa pili kabisa wa bwawa, mbali, katikati ya yangeyange na korongo wa kijivu. Kwa mtu asiyejua ni doa jeupe tu kati ya madoa.

Sikunyoosha kidole. Sikusema yuko wapi. Kinyozi aliniangalia, nikamtikisia kichwa anyamaze.

Baba watoto alivua ile miwani myeusi, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akasimama. Kichwa chake kilitembea taratibu kuanzia kwenye matete, kikapita, kikarudi, kikapita tena. Kikasimama. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

"Kulia kwa yule wa kijivu," akasema. "Anakoroga."

Akaendelea kutazama, muda mrefu, mdomo wazi kidogo, na jicho lile jipya likaanza kutiririka machozi, asilifute. Kisha akanigeukia. Alinitazama usoni kwa namna ambayo hakuwa amenitazama kwa miaka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetubu.

"Mama watoto," akasema, "ni mbaya kweli."

Nikalia pale pale, mbele ya kinyozi na watu wake wote, kwa sauti, na wala sikuona haya.